Walivyomwosha Mama Sinemani

Msusi hakujihesabu kuwa mwandishi. Alikuwa na saluni ya viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mdomo usiochoka. Visa vyake alivisimulia huku vidole vikitembea kichwani mwa mteja. Mteja mmoja, mwalimu, alipokisikia kisa cha mama wa Msusi aligeuka, msuko ukamponyoka Msusi mkononi. "Hiki usikiache kipeperuke hewani," akamwambia. "Kiandike." Akakiandika. Kikatoka kwenye jarida, kisha kwenye kitabu cha hadithi fupi, kurasa tisa, jina lake juu. Watu wakakipenda mno.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli tupu. Mama yao alipigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi ukawa mzito. Wakati huo Msusi alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na mke wa kaka yake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua kwa upasuaji, haruhusiwi hata kuinua ndoo. Akabaki kaka mtu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Mama akakataa katakata kuoshwa na mwanawe wa kiume. Alilia, akageukia ukutani, akasema kwa ule ulimi wake mzito kwamba heri anuke. Na akanuka kweli.

Ndipo asubuhi moja Cheche akaingia chumbani na beseni mkononi, kichwani kavaa kofia yake ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima, yenye kioo cheusi kama lami ambacho pasipo ule mwali wa kazi huoni hata kidole chako mwenyewe.

"Mama, sioni kitu," akasema. "Wewe niongoze tu."

Mama akamtazama yule kipofu wa kujitakia anavyopapasa kutafuta kitanda, akajigonga goti, maji yakammwagikia miguuni. Akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Unakuja kunichomelea?" akauliza. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, Cheche alimwosha mama yake hivyo, kofia usoni, shuka juu ya mwili, mkono na kitambaa vikipita chini ya shuka, na mama akielekeza kama mnyapara: kushoto, chini, basi, hapo umeshapita.

Hiyo ndiyo hadithi. Haikuwa na zaidi ya hayo, wala haikuhitaji.

Mwongozaji wa filamu alifika saluni mchana mmoja wa kazi nyingi, kijana kwa mavazi, mtu mzima kwa uso. Aliketi kwenye benchi la wanaosubiri, kitabu mapajani, na alipopata nafasi akaweka mkono kifuani. "Dada, nililia," akasema. "Ile kofia! Ile kofia tu ni filamu nzima." Msusi akatazama ule mkono kifuani, akauamini. Yule bwana alisema atabadili vitu vidogo vidogo, kwa sababu kitabu ni kitabu na sinema ni sinema, lakini roho ya kisa itabaki ileile.

Msusi akaenda karakana kumwomba kaka yake ruhusa. Cheche akainua kofia, akafuta jasho kwa kiwiko.

"Wanitengeneze tu," akasema. "Ila waambie wasinitafutie mtu mwenye kitambi."

Siku ya kuonyeshwa mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mkubwa wa sinema wenye viti vya mahameli. Cheche alivaa suti aliyooa nayo, ikambana mabegani. Mkewe, yaani wifi yake Msusi, alisukwa bure saluni asubuhi ile na akajipulizia manukato hadi watu wa safu ya mbele wakageuka. Majirani wa karakana nao walikuja, wakiongozwa na seremala wa mlango wa pili, ambaye alimwambia kila aliyemkuta mlangoni: "Huyu ndiye mwenyewe. Mwangalieni vizuri kabla hajawa mtu mkubwa akatusahau."

Mwanzo haukuwa mbaya. Mama akaonekana mzima, kisha akaanguka, kisha kitandani. Msusi akaegemea kiti, akamshika kaka yake mkono.

Halafu akaingia mtu mwenye kitambi.

Kitambi pekee kingevumilika. Yule Cheche wa sinema aliingia chumbani akipepesuka, chupa mkononi, shati wazi, na akasimama juu ya mama yake akimtazama kama mtu anayetazama gunia lililomzibia njia. Alikuwa anaitaka nyumba, na mama hafi upesi. Basi akaanza kumtelekeza. Na hapo ndipo kamera ilipoonyesha kazi yake. Ilifunua shuka. Ilipita taratibu juu ya mwili wa yule mwigizaji mzee, ikasimama kwenye vidonda vya mgongo, ikavisogelea, ikavisogelea tena, hadi kidonda kimoja kikajaa pazia zima kama mdomo uliofunguliwa. Nzi wakawekewa sauti. Kinyesi kikaonyeshwa kikichuruzika kwenye godoro, na muziki wa fidla ukapigwa juu yake.

Ukumbini watu wakasema "Aaaka!" na kuziba nyuso, wakichungulia katikati ya vidole. Mtu mmoja akacheka kicheko cha aibu. Msusi akasikia mate yakimjaa mdomoni, yale ya chumvi yanayotangulia matapishi. Kurasa tisa zote hakuandika hata mara moja mama yake alivyoonekana chini ya shuka, kwa sababu hakuna aliyepata kuona. Jambo zima lilikuwa hilo. Kaka yake alijipofusha ili asione, na sasa watu mia kadhaa wameketi kwenye mahameli, wanatafuna bisi, wanaona.

Kisha ikaja kofia.

Waliiweka usiku, umeme umekatika. Mlango ukalia, na ndani ya giza kikasimama kichwa cheusi kisicho na macho. Yule mama kitandani akapiga ukelele. Mwanawe alikuwa ameivaa ili kumtisha, moyo umsimame, naye aokoe muda. Akamwinamia, akagongagonga kioo cheusi kwa kucha. Mama akazidi kulia, na Cheche wa sinema akamzaba kofi, kisha akammwagia beseni zima la maji usoni.

Nusu ya ukumbi ikaruka vitini. Nyuma yao bwana mmoja akasema kwa uchungu wa kweli, "Mtu kama huyu anastahili kunyongwa."

Cheche akageuka nusu. "Kweli, ndugu yangu," akasema. "Anastahili."

Msusi akamvuta mkono. "Kaka, tutoke."

"Kaa," Cheche akanong'ona, macho mbele. "Tukitoka sasa watajua ni mimi."

Wakakaa. Wakaona mama akifa peke yake, mdomo wazi. Wakaona mwana akiingia wazimu, akikimbizwa na sauti, akianguka na kuungua kwa moto wa mtambo wake mwenyewe huku ngozi ya shavu ikibambuka. Walipofika hapo Msusi alikuwa amefumba macho, lakini sauti aliisikia. Taa zikawaka. Watu wakasimama kupiga makofi. Seremala wa mlango wa pili alikuwa anatazama viatu vyake.

Msusi aliitwa jukwaani. Palikuwa na viti vitatu na chupa za maji, na mtangazaji wa redio mwenye sauti ya asali, ambaye hata kitabu hakuwa amekifungua. "Dada yetu mwandishi," akasema, "wengi tungependa kujua. Kati ya hadithi na filamu, ipi imekugusa zaidi?"

Msusi alikuwa amejiandaa kwa maneno ya shukrani, hata gauni lake lilikuwa la shukrani. Alishika kipaza sauti, akamtazama Mwongozaji aliyeketi karibu yake, mguu juu ya mguu.

"Filamu imenigusa," akasema. "Imenigusa kama mtu anavyoguswa na mkono mchafu ndani ya basi."

Kicheko kikaanza, kikakatika.

"Mama yangu alimzaa mtu aliyejifunika macho ili asimwone uchi. Ninyi mmemfunua. Mmemlaza yule mama mwigizaji, mtu mzima mwenye wajukuu, mkamfunua mkamsogelea mgongo mpaka nikaona vinyweleo. Kofia ilikuwa ni heshima, mmeifanya jini. Kaka yangu..." Hapo akajikatiza, kwani alikumbuka kaka hakutaka watu wamjue. "Mtu aliyefanya yale hakumpiga mama kofi hata siku moja. Nimetia jina langu kwenye kisa, na leo nimelikuta kwenye choo. Mimi nina kinyaa. Sina neno lingine, nina kinyaa."

Akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akashuka.

Mwongozaji alimfuata ukumbi wa nje, pale penye mabango, akimshika bega. Msusi akalitikisa bega kama mtu aliyetuliwa na mende.

"Dada, umenivua nguo mbele ya watu."

"Wewe umemvua mama yangu."

"Nisikilize basi. Hadithi yako ina kurasa tisa. Mtu anamwosha mama yake, mama anacheka, mama anafariki. Vizuri sana, inaliza. Lakini filamu ni saa moja na nusu. Hiyo saa nzima iliyobaki ningeijaza nini?"

"Kwa hiyo ukaijaza mavi."

Mwongozaji akaangalia kushoto na kulia kuona nani amesikia. "Ndicho watu wanachotaka. Umewaona walivyosimama?"

"Hata ajali barabarani watu husimama," Msusi akasema, na akaenda chooni, akatapika.

Wakarudi nyumbani, wakafika mlangoni. Hapo wifi mtu, ambaye machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye poda, akamgeukia.

"Wifi, nakupenda, unalijua hilo. Lakini siku nyingine ukishikwa na hamu ya kuandika, andika habari za yule bwana aliyekuacha. Mume wangu umwache."

"Wifi, sikujua."

"Mimi sijasema ulijua." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu ulimuuma Msusi kuliko kama angeubamiza.

Kwa majuma mengi Msusi alifunga saluni mchana na kwenda ofisi ya wale watengenezaji wa filamu, kusema jambo moja tu: toeni jina langu. Karani wa mapokezi alimzoea, akawa anamletea maji kabla hajaomba. Mwongozaji alikuwa safarini, kisha mkutanoni, kisha akawa mgonjwa. Mwishowe wakakubali. Walimwambia bila kinyongo, kama watu wanaompa mtoto pipi ili anyamaze.

Msusi akaenda mwenyewe kuona bango jipya ukutani mwa ukumbi. Kweli jina lake halikuwapo. Mahali pale palipokuwa na maneno "kutokana na hadithi ya," na jina lake, sasa pameandikwa kwa herufi nyekundu: KISA CHA KWELI.

Alisimama mbele ya lile bango mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika vibaya zaidi. Hadithi ilipokuwa na mwenyewe, watu wangeweza kusema imetungwa. Sasa imekuwa kweli. Na kwa kuwa seremala alikuwa ameshatangaza mlangoni nani ndiye mwenyewe, haikuhitaji mpelelezi. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Cheche "Muua Mama," kwanza kwa mbali. Siku moja mama mmoja alifika karakana kuagiza vyuma vya madirisha. Akamkuta Cheche kazini, cheche zikiruka. Cheche akageuka kumkaribisha, kofia bado usoni. Yule mama akapiga hatua ya nyuma, akashika pochi yake kwa mikono miwili, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi.

Seremala aliyaona yote yale. Aliacha randa yake, akaja akakaa juu ya boriti ya chuma. "Ni mdomo wangu, jirani," akasema. "Mdomo wangu una tundu."

"Tundu ningeliziba," Cheche akamjibu, akipekua fimbo za kuchomelea. "Wako hauna mlango kabisa."

Wakacheka kidogo, wote wawili bila raha. Msusi, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana, aliuona uso wa kaka yake kicheko kilipokwisha, akatamani kulichoma lile jengo la sinema, viti vya mahameli na bisi zake.

Jambo la mwisho alilisikia kwa wifi yake. Wifi mtu alikuja saluni, hakuja kusukwa, akaketi kiti cha pili, akajitazama kiooni.

"Kaka yako anakwenda kule," akasema.

"Wapi?"

"Sinemani. Kutazama ile takataka. Nimekuta vishina vya tiketi mfukoni nikifua. Si kimoja." Akamgeukia Msusi. "Wifi, mtu anayejichokonoa kidonda hivyo, si dalili ya wazimu?"

Msusi hakungoja kusikia zaidi. Alimwachia mteja kichwa nusu, akavua aproni, akaenda moja kwa moja karakana. Cheche alikuwa ananawa kwa petroli na sabuni, amevaa shati safi.

"Unakwenda tena?"

Cheche hakuuliza amejuaje. "Nakwenda."

"Kufanya nini, kaka? Kuangalia jinsi unavyompiga mama?"

"Huko sifiki. Natoka kabla." Akakausha mikono, kidole kwa kidole. "Twende ukaone. Au hapana, twende ukasikie."

Kulikuwa na watu wachache ukumbini mchana ule. Cheche alichagua kiti cha pembeni, karibu na mlango, na mtunza mlango alimsalimu kwa jina kama mwenyeji. Taa zikazimwa. Mama wa sinema akaonekana mzima, akaanguka. Kisha kikaonekana chumba, dirisha, kitanda kwa mbali. Kamera ilikuwa bado na adabu. Na kutoka kitandani sauti ikaita.

"Heche! We Heche! Uko?"

Msusi akashika mkono wa kiti. Nywele zilimsimama. Ulikuwa ule ulimi mzito uliokuwa haupati kuanza jina, ile "uko" iliyokatika katikati na kupanda juu mwishoni, kama mtu anayegonga mlango huku tayari ameshaingia. Alikuwa mama yao, kabisa. Siku ile ya kwanza hakuisikia, maana aliangalia zaidi ya alivyosikiliza.

Akakumbuka yule mwigizaji mzee alipokuja saluni kusukwa kwa ajili ya kazi, mwanamke mpole wa magoti mabovu. "Aliitaje?" alimuuliza Msusi kiooni. "Niigizie." Msusi akamwekea mazungumzo ya simu aliyoyarekodi mama alipokuwa mgonjwa, yeye akiwa bado ugenini, na akamweleza jinsi mama alivyoliita jina la Cheche. Yule bibi akaisikiliza amefumba macho, akaomba arudiwe, na arudiwe tena.

Sauti ikaita mara ya pili. Cheche alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba, mikono mapajani. Kwa sauti ndogo sana akaitika. "Nipo, mama."

Halafu yule mtu mwenye kitambi akasukuma mlango na chupa yake, na Cheche akainuka palepale, kama mtu aliyesikia kengele ya kutoka kazini. Msusi akamfuata. Nje jua lilikuwa kali, wakasimama chini ya lile bango la herufi nyekundu wakifinya macho.

"Umesikia?" Cheche akauliza.

"Nimesikia."

"Ndiye?"

"Ndiye."

Msusi hakujua afanye nini na ile hasira yake. Ilikuwa kama kuokota pete ya mama jalalani. Huwezi kuiacha, na mkono nao unanuka. "Kaka, mimi ninayo," akasema. "Simuni. Sauti yake mwenyewe. Nitakuwekea nyumbani, usije tena huku kwenye uchafu."

Cheche akatikisa kichwa. "Ya simu nimeisikia. Pale anaongea na wewe. Anakuita wewe, anakuuliza utarudi lini." Akaweka mikono mfukoni. "Huku ananiita mimi."

"Basi nitakuitia mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha yule bibi." Na palepale kando ya barabara, watu wakipita, Msusi akajaribu. Ilitoka nyembamba na ya haraka, sauti ya mtu anayemwita mteja aliyesahau mwavuli. Akajaribu tena, ikatoka vilevile.

"Siyo," Cheche akasema kwa upole. "Acha tu. Yule mama anajua kazi yake."

Akaenda zake karakana, maana kulikuwa na geti la mtu linasubiri.

Filamu iliendelea kuonyeshwa mwezi mzima na zaidi, na Cheche akaendelea kwenda, dakika zake chache, kisha anatoka. Wifi mtu alipoambiwa sababu alilia, tangu hapo akawa anampigia pasi lile shati. Msusi hakwenda tena. Wateja wakimuuliza saluni kama ile filamu inafaa, huwajibu bila kusimamisha vidole: "Usiende. Ni uchafu mtupu, mwanzo hadi mwisho." Kisha, kwa sababu si mtu wa kusema uongo, huongeza kwa shingo upande: "Mwanzo, labda."

Halafu humwinamisha mteja kichwa, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, akaendelea kusuka.